Waraka Usiosomeka Si Waraka

Waraka wa ofisi huanza safari yake vizuri. Mpiga chapa huuandika katika kompyuta herufi kwa herufi. Mkuu wa idara huusoma na kuusahihisha. Kisha huchapwa katika karatasi, hutiwa saini na kupigwa muhuri. Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Karatasi ile huwekwa katika skana, ikapigwa picha, na picha hiyo ndiyo inayotumwa mikoani, wilayani na mashuleni. Mtumishi mwenye macho huifungua, akasoma, akatekeleza. Mtumishi asiyeona naye huifungua; lakini kompyuta yake, ambayo dakika moja kabla ilikuwa ikimsomea barua zake zote kwa sauti, inanyamaza. Haikuharibika. Imekuta picha, na ndani ya picha hamna herufi za kusoma.

Tumeanza na jambo hili dogo kwa sababu ndani yake mna jambo kubwa. Ingali imeenea miongoni mwetu dhana kwamba kompyuta na mtu asiyeona ni vitu viwili visivyoweza kukutana, na kwamba asiyeona akiajiriwa ofisini hana budi kuwekewa mtu wa kumsomea na kumwandikia. Dhana hiyo imepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka 30. Asiyeona anaweza kuitumia kompyuta, na anaitumia. Kinachomkwamisha mara nyingi ni namna sisi wenye macho tunavyoyaandaa maandishi. Hiyo ndiyo hoja yetu leo, na tunaielekeza kwa watumishi wa umma na walimu, kwani hao ndio waandishi wa sehemu kubwa ya yale ambayo wananchi hulazimika kuyasoma.

Yafaa kwanza tueleze jinsi jambo lenyewe linavyofanyika, maana mtu hawezi kuondoa kikwazo asichokijua. Ndani ya kompyuta ya asiyeona huwekwa programu ya kusoma skrini. Programu hiyo huyachukua maandishi yaliyomo katika kompyuta, ikayageuza kuwa sauti ya kutamkwa, au ikayapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu kinacholazwa mbele ya kibodi, ambacho vijipini vyake huinuka na kushuka chini ya vidole vya msomaji. Mtumiaji hahitaji kipanya, kwani kazi yote huifanya kwa vitufe vya kibodi. Kwa kitufe kimoja huruka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine, kwa kingine hupita katika viungo vya tovuti, kwa kingine huingia katika jedwali na kulisoma safu kwa safu. Wazoefu huiharakisha sauti hiyo kiasi kwamba mgeni akiisikia huona ni mvumo tu usio na maneno, nao wanafuata kila neno.

Ufundi huu haukuletwa na watu waliowahurumia wasioona kutoka mbali. Wasioona wenyewe wamekuwa katika mstari wa mbele wa kuutengeneza. Ted Henter alikuwa mshindani wa mbio za pikipiki kabla ya kupoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978. Alijifunza uandishi wa programu za kompyuta, na mwaka 1987 alishirikiana na Bill Joyce kuanzisha kampuni nchini Marekani iliyotoa programu ya kusoma skrini iitwayo JAWS. Programu hiyo imewapa kazi watu wengi ulimwenguni. Lakini kwa miaka mingi leseni yake ya kazini iligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Kwa mwalimu wa shule ya msingi katika nchi kama yetu, hiyo ilikuwa sawa na kumwambia kwamba mlango upo wazi lakini ufunguo wake hataupata.

Mwaka 2006 kijana mmoja wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika programu nyingine ya namna hiyo. Alijiunga naye rafiki yake, James Teh, asiyeona vile vile, na mwaka 2007 wakaanzisha shirika lisilo la kutafuta faida la kuiendeleza. Programu hiyo yaitwa NVDA. Msingi wake ulikuwa wazi tangu siku ya kwanza: asiyeona asitozwe fedha zaidi ya mwenye macho kwa kuitumia kompyuta ile ile. Hutolewa bure, mtu yeyote aweza kuichukua kutoka katika intaneti, na hati yake ya ndani i wazi kwa mafundi wa dunia nzima kuirekebisha. Imekwisha kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 50. Hali kadhalika, simu za iPhone zilianza kuja na kisoma skrini ndani yake mwaka 2009, na mwaka huo huo simu za Android nazo zikaanza kupata cha kwao. Kompyuta za Windows nazo zina programu yake iitwayo Narrator, ambayo huja pamoja na kompyuta yenyewe. Kwa maneno mengine, katika kompyuta nyingi zilizomo maofisini mwetu sauti hiyo imo tayari, inangoja kuamshwa.

Wako watakaouliza kama mambo haya yanakifaa Kiswahili. Yanakifaa. NVDA huja pamoja na sauti za eSpeak, kazi iliyoanzishwa na Jonathan Duddington wa Uingereza, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zilizomo. Lugha yetu ni rahisi kwa mashine kuliko nyingi: husomwa kama inavyoandikwa, na mkazo wa neno huangukia karibu daima silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti yenyewe ni kavu, ya kimashine, haina utamu wa mtangazaji wa redio. Lakini neno linasikika, nalo linaeleweka. Tatizo hutokea pale mashine inapoachwa ikisoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza. Hapo maneno yetu huvunjwavunjwa hata msikilizaji asiambulie kitu. Dawa yake ni kuichagua sauti ya Kiswahili, na kwa mwandishi wa hati kuionyesha kompyuta kwamba hati hiyo ni ya Kiswahili. Kazi hiyo haichukui dakika mbili.

Basi kama programu ipo, tena ya bure, na lugha yetu imo, mbona mtumishi wetu asiyeona angali akikaa mbele ya mashine iliyonyamaza? Kwa sababu kisoma skrini husoma kile tu kilichoandikwa. Mtu akituma picha ya barua mahali pa barua, hakuna cha kusoma. Mtu akiweka katika tovuti picha ya tangazo bila kuliandika tangazo hilo kwa maneno, programu itasema "picha", kisha itapita. Mtu akitengeneza fomu na asiziandikie nafasi zake majina kwa namna inayofahamika na kompyuta, asiyeona ataambiwa kwamba hapa pana nafasi ya kujaza, asijue kama yatakiwa jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa au namba yake ya simu. Na mtu akitengeneza vichwa vya habari kwa kunenepesha herufi tu, bila kutumia mtindo wa vichwa uliomo katika programu ya uandishi, taarifa ya kurasa 80 inakuwa mbele ya asiyeona kama barabara ndefu isiyo na kibao hata kimoja.

Ugonjwa huu si wa nchi yetu peke yake. Shirika la WebAIM la Marekani hukagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti 1,000,000 zinazotembelewa sana duniani. Katika ukaguzi wa mwaka 2025, kurasa 94.8 katika kila 100 zilikutwa na kasoro zinazoonekana hata kwa ukaguzi wa mashine. Kasoro zilizoongoza ni zile zile: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, fomu zisizo na majina. Lakini kanuni za kuziepuka zimekwisha kuandikwa tangu mwaka 1999, na zimekuwa zikifanyiwa marekebisho hadi leo. Nchi zenye fedha na mafundi wa kila aina zimeshindwa kwa sababu zilijenga kwanza na kufikiri baadaye. Sisi ambao ofisi zetu nyingi zingali zikihama kutoka karatasi kwenda kwenye kompyuta tuna nafasi ambayo wao waliipoteza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe bado ni mdogo.

Sasa tuseme wazi ni kitu gani kinachopotea. Kwanza ni kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 ya Tanzania inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba walau asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Lakini sheria haitimizwi kwa kumpa mtu kiti na mshahara. Mtumishi asiyeona ambaye majalada yote ya idara yake ni picha hawezi kufanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Atakaa, atangoja, atasaidiwa kwa huruma. Na baada ya miaka miwili mkuu wake atasema kwamba amewajaribu watu wa namna hiyo akaona hawafai. Hukumu hiyo atahukumiwa yeye, hali kosa ni la skana.

Pili ni siri. Jambo hili wenye macho hawalifikirii, na hapo ndipo tunapoona ukweli wa methali isemayo kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwenye macho hupokea barua ya benki, majibu ya hospitali, au barua ya onyo kutoka kwa mkubwa wake, akaisoma peke yake na kuamua nani aambiwe. Asiyeona akiletewa picha hana budi kumwita jirani, mtoto au mfanyakazi mwenzake amsomee. Habari ya ugonjwa wake huijua mwingine kabla yake. Deni lake hulijua mwingine. Makosa yake kazini huyajua mwingine. Tunapenda sana kuzungumza juu ya kujitegemea. Hakuna kujitegemea kwa mtu mzima asiyeweza kusoma barua yake mwenyewe wakati chombo cha kumsomea anacho mkononi.

Tatu ni elimu. Kwa miongo mingi shule za wasioona, kama Buigiri huko Dodoma na Thika nchini Kenya, zimewafundisha watoto wasioona kusoma na kuandika kwa nukta nundu, maandishi yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille mwaka 1824 akiwa kijana wa miaka 15. Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa, na hatusemi hata kidogo kwamba kompyuta ije kuchukua mahali pake. Mtoto anayesikiliza tu bila kusoma kwa vidole hajui maneno yanavyoendelezwa, wala hawezi kulifuata jedwali au hesabu kwa urahisi. Lakini kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa kuwa nukta nundu huwa mafurushi kadhaa ya karatasi nene, ghali kuyachapa na mazito kuyabeba. Katika kompyuta kitabu hicho hicho hakina uzito. Mwanafunzi aweza kukisikiliza, na akipata kifaa cha nukta nundu aweza kukisoma kwa vidole vyake. Njia hizi mbili ni ndugu. Yafaa zikae nyumba moja.

Kuhusu haki hizi hakuna tena mjadala wa kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, katika kifungu chake cha 9 unazitaka nchi kuhakikisha kwamba habari, mawasiliano na mitambo yake vinawafikia watu wenye ulemavu sawa na wengine. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 nao umeondoa kizuizi cha hakimiliki, ili vitabu viweze kugeuzwa kuwa katika namna inayosomeka kwa wasioona bila kumwomba kila mchapishaji ruhusa. Kenya, Uganda na Tanzania zote zimejiunga nao. Kilichobaki ni utekelezaji, na utekelezaji huo huanzia katika meza ya mtu anayepiga chapa.

Tunajua hoja zitakazotolewa dhidi yetu. Yuko atakayesema kwamba waraka hauwezi kutumwa bila saini na muhuri, maana utaghushiwa. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini nani amekataza kutuma vyote viwili? Picha yenye muhuri iende kwa ajili ya uthibitisho, na maandishi yenyewe, yaliyokwisha kupigwa chapa na yangali yamo katika kompyuta ya ofisi, yaende pamoja nayo kwa ajili ya kusomwa. Kazi imekwisha kufanyika. Tunachofanya leo ni kuitupa nusu yake iliyo bora.

Yuko mwingine atakayesema kwamba siku hizi mashine zinaweza kuzitambua herufi ndani ya picha. Ni kweli, zinaweza, na wasioona wengi huzitegemea wanapokosa njia nyingine. Lakini karatasi ikiwa imelala upande, muhuri ukiwa umepigwa juu ya tarehe, au takwimu zikiwa katika jedwali, mashine hizo hubahatisha. Je, ni mhasibu gani angekubali kupokea mshahara uliosomwa kwa kubahatisha?

Wa tatu atasema kwamba wasioona ni wachache. Mwaka 2020 wataalamu walikadiria kwamba watu wasioona kabisa duniani walikuwa milioni 43, mbali na wale wengi zaidi wenye uoni hafifu. Lakini hata wangekuwa wachache kuliko hao, haki haigawiwi kwa kuhesabu vichwa. Na maandishi yaliyoandaliwa vizuri huwafaa wengi: mzee ambaye macho yake yamepungua nguvu hukuza herufi, mwalimu wa kijijini mwenye simu ndogo na intaneti ya kusuasua hufungua maandishi mepesi kuliko picha nzito, na karani anayetafuta waraka wa miaka mitatu iliyopita huupata kwa kuandika neno moja, jambo ambalo picha haimruhusu.

Hatusemi kwamba kila kitu ni bure. Programu ni bure. Kompyuta si bure, umeme si bure, na mafunzo yanahitaji mwalimu na muda. Vifaa vya nukta nundu vya kielektroniki vingali ghali mno. Serikali na halmashauri hazina budi kuyawekea mambo hayo mafungu katika bajeti zao. Lakini tusijifiche nyuma ya bajeti kwa mambo yasiyohitaji hata senti moja.

Kwa watumishi wa umma tunasema: tumeni maandishi, na picha iyasindikize. Tumieni mitindo ya vichwa vya habari katika taarifa zenu. Kila picha yenye maana iandikiwe sentensi moja ya kuieleza. Majedwali yawe majedwali ya kweli, yasiwe picha za majedwali. Na wale waliopewa dhamana ya kununua mifumo ya kompyuta kwa fedha za umma waandike katika masharti ya zabuni kwamba mfumo utakaguliwa na mtumiaji asiyeona kabla ya kulipiwa. Muuzaji akijua hivyo atautengeneza vizuri tangu mwanzo.

Kwa walimu tunasema: muhtasari wa somo mnaoupiga picha ubaoni na kuutuma kwa simu haumfikii mwanafunzi wenu asiyeona. Uandikeni. Mchoro wa moyo au wa ramani uelezeni kwa maneno, kipi kiko kulia na kipi kiko kushoto, damu inaingilia wapi na kutokea wapi. Mtakuta hata wanaoona wamelielewa somo vizuri zaidi. Na mwanafunzi huyo akiwa na kompyuta au simu yenye sauti, msimnyang'anye kwa kudhani anacheza.

Kwa wote tunapendekeza jaribio jepesi. Kabla ya kutuma waraka unaofuata, ufungue na ujaribu kuchagua neno moja ndani yake kwa kipanya. Neno likikubali kuchaguliwa peke yake, maandishi yamo. Likikataa, ulichokishika ni picha, nawe unakaribia kumwacha nje mwananchi mwenzako. Kisha, katika kompyuta yenye Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, cha Ctrl na cha Enter. Narrator itaanza kusema. Fumba macho, usikilize waraka wako kama atakavyousikiliza yeye.

Tunawaomba wakuu wa idara na wakuu wa shule wafanye jaribio hilo juma hili, mbele ya wasaidizi wao, kwa kutumia waraka wa mwisho uliotoka katika ofisi zao. Na waraka huo ukinyamaza, utumwe upya.